Mwenye Mafua Hapimi

Nafula, na nyinyi wenzake wa pale dukani Bungoma, kabla hamjapiga kura yenu Jumatatu nipeni nafasi niwaambie habari za pua yangu. Najua mtacheka. Kevo wenu alishacheka siku ile nilipokuja kuwatembelea, nikachukua chupa ya mteja, nikaifungua na kuileta puani mbele ya watu. Akaniambia, "Shosh, hiyo ni ya kitambo bana. Siku hizi tunaosha tu na maji moto." Nilijaziwa mafuta yangu nikarudi Kamukuywa nikiwa nimenuna, na kununa kwangu mnakujua.

Wiki mbili baadaye Nafula akanipigia simu akilia. Yule mwalimu wa chekechea mliyemjazia losheni alikuwa amevimba uso na kutoka vipele. Chupa aliyokuja nayo alipewa na rafiki yake wa saluni, na kumbe iliwahi kutiwa dawa ya kulainisha nywele. Mwalimu anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Lakini sasa mnataka kuziondoa pampu za kujazia chupa za wateja, mrudishe vile vichupa vya plastiki vilivyofungwa kiwandani, na duka lenu liwe sawa na maduka mengine yote ya huo mtaa. Nafula aliniambia, "Senge, watu wakishaogopa ni basi."

Senge kwetu ni shangazi, dada ya baba, na kazi ya senge ni kusema yale ambayo mama hawezi kumwambia binti yake. Basi kuna moja ambalo sijamwambia binti ya mtu yeyote tangu nilipokuwa na umri wenu. Nitalifikia. Mnivumilie kidogo, maana mtu wa makamo yangu haingii nyumbani kwa mlango wa mbele, anapitia jikoni kwanza.

Huko kumjazia mteja chombo chake nyinyi mnaita rifili. Sisi tuliita kupima. Nilipima mafuta ya kujipaka katika duka la jumla la Mama Njeri, pale Kitale, na nilianza nikiwa msichana ambaye hata mizani hajui kuisoma. Mama Njeri alikuwa mtu wa familia zile zilizotoka upande wa kati zikanunua mashamba Trans-Nzoia, mwanamke mnene, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kusamehe. Pipa la mafuta lilikaa nyuma ya kaunta, mbali na jua. Ukilifungua pipa jipya unakuta mafuta yametulia, laini, hayana hata alama, na mimi kila mara niliona uchungu kidogo kuchovya mwiko wa kwanza. Nasema kweli, nilikuwa nalionea huruma pipa.

Wateja walikuja na vyombo vyao. Mikebe ya majani ya chai, ya kakao, vikombe vilivyovunjika mkono, chupa za jamu, hata sufuria ndogo kwa mama mwenye watoto wengi. Hakuna aliyetupa chombo, kwa sababu chombo ndicho kilichokupa ruhusa ya kuja dukani. Mtu akipoteza mkebe wake alitafuta jirani wa kumwazima kabla hajafikiria mafuta.

Aliyenifundisha ni Mzee Barasa, mtu wa Bumula, mrefu, mkimya, mwenye vidole vyeupe kwa mafuta kila siku ya Mungu. Alikuwa na mkebe uliojaa mawe madogo ya mtoni. Mnajua ya nini? Mizani yetu ilikuwa ya sahani mbili, haina kitufe cha kubonyeza irudi sifuri kama hiyo yenu. Kwa hiyo unaweka mkebe mtupu wa mteja upande huu, halafu upande wa pili unaweka jiwe linalolingana nao uzito, ndipo uweke na ratili za mafuta aliyotaka. Bila hivyo umempimia mtu bati badala ya mafuta. Mteja wa kila mara alikuwa na jiwe lake. Kulikuwa na jiwe la Mama Nasimiyu, jiwe la fundi cherehani, jiwe la katekista. Mteja akiingia, Mzee Barasa alikuwa ameshalichukua jiwe lake hata kabla hajasalimia, na mtu alijisikia kweli anajulikana. Mimi mwenyewe nilipopata mkebe wangu alinitafutia jiwe langu, jeusi, lenye mstari mweupe katikati, na nilifurahi siku nzima kama mtu aliyepewa cheo.

Kitale mwezi wa saba mnaijua. Mafuta yanaganda mpaka mwiko unagoma. Unauchovya mwiko katika maji moto kisha unaukausha vizuri sana, maana tone moja la maji likiingia ndani ya pipa limeharibu kazi. Nilipokuwa mgeni niliona hiyo safari ya kwenda jikoni ni usumbufu, nikawa napasha mwiko kwapani. Mzee Barasa alinikuta. Hakunigombeza. Alinipa mwiko mwingine, ule akaufanya wa kukorogea rangi ya ukuta, na kwa mwezi mzima kila akinipita alikuwa anainua mkono wake kidogo tu, kwapa lionekane, halafu anaenda zake.

Kazi kubwa ya Mzee Barasa ilikuwa pua. Kila chombo kilichoingia kilinuswa, hata cha padri. Wanawake wa Malakisi walikuja na mikebe inayonuka tumbaku, na hiyo aliiosha kwa majivu na maji moto, akaianika, akamwambia mama azunguke sokoni arudi. Wa mafuta ya taa aliwarudisha nyumbani na mikebe yao. Wa samaki wa omena aliwatania kwanza kisha akawaoshea. Kila mteja aliulizwa chombo kilikuwa na nini, halafu kikanuswa hata kama jibu lilikuwa zuri, maana mtu anaweza kusahau lakini bati halisahau. Mwisho akatengeneza kibao cha mbao, akakiandika kwa rangi nyekundu na kukitundika juu ya pipa: MAHARI PA KUNUSIA.

Kibao kile kilikaa miaka. Mzee Barasa ni Mbukusu, Mama Njeri ni Mkikuyu, na kwa wote wawili herufi mbili, l na r, hupishana bila kugongana. Mimi nami nilisoma kila asubuhi nikaona ni sawa kabisa. Mpaka siku moja mwalimu wa sekondari akaja na mkebe wake, akasoma, akauliza ni mahari ya binti gani inayonuswa hapa, na imefika ng'ombe wangapi. Mama Njeri alicheka mpaka akashika kaunta. Lakini alikataa kibao kisibadilishwe, na toka hapo watu wakawa wanasema, napeleka mkebe wangu kwa mahari.

Na kulikuwa na ya mkono. Hii ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Ukishapima, mwikoni hubaki mafuta kidogo. Huyarudishi kwa pipa, maana mwiko umegusa chombo cha mtu. Basi unayapaka nyuma ya mkono wa mteja, au usoni mwa mtoto wake, au kwenye magoti kama ni kijana wa shule ambaye magoti yamepauka. Hiyo ilikuwa ya mkono, haimo kwenye mizani. Watoto walitoa uso wenyewe. Sijawahi kuona kiwanda kinachoweza kuifunga hiyo kwa plastiki.

Sheria ya mwisho ya Mzee Barasa ilikuwa fupi: mwenye mafua hapimi. Ukiamka na mafua unasema, unaenda nyuma ya duka kukata sabuni. Miche ya sabuni ilikatwa vipande kwa waya, kazi ya kukaa kimya peke yako siku nzima na mikono inawasha. Ilikuwa kazi ya wageni, na hakuna aliyeipenda.

Sasa tumefika.

Ilikuwa Jumamosi kabla ya Krismasi, laini ya wateja imetoka mpaka nje barabarani. Mama yangu alikuwa anakuja kutoka Kamukuywa kuniona kazini kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameshawaambia kina mama wote wa kanisa kwamba binti yake ndiye anayepimia Kitale nzima mafuta. Nami niliamka na mafua, pua imeziba pande zote mbili. Nilijiona nimekaa nyuma na waya wa sabuni, mama yangu akipitishwa kwenye magunia kuja kunitafuta. Nikatafuna tangawizi, nikajifuta macho, nikasimama kwa pipa. Sikumwambia mtu.

Akaja mama mmoja kijana, mtoto mgongoni. Mkebe wake ulikuwa mdogo, mzuri, una kifuniko kinachobana. Nikamuuliza ulikuwa na nini.

"Ni ya dawa ya kuogesha," akasema. "Lakini nimeosha mzuri."

Nyinyi mmekulia mjini, labda hamjaona shida iko wapi. Mtu wa shamba akisema kuogesha, bila kuongeza neno, anasema ng'ombe. Dawa ya kuogesha ni dawa ya kupe. Mimi nilijua hivyo tangu utotoni, baba yangu alikuwa na ng'ombe. Lakini asubuhi ile nilimwona mtoto mgongoni, nikasikia kuogesha mtoto, ile dawa ya kutia kwenye karai. Na dawa ya kupe inanuka, hata ukiosha mara kumi. Mtu yeyote mwenye pua angejua. Niliinua ule mkebe mpaka puani, nikavuta hewa ambayo haikuingia, nikasema safi. Nikapima. Ya mkono nikampaka mtoto shavuni, akacheka. Mama yangu alifika saa hiyo hiyo na akaona hayo yote, akafurahi sana.

Siku ya nne yule mama alirudi na mumewe. Mtoto alikuwa ametoka malengelenge miguuni na shingoni na wamelala naye hospitali siku mbili. Alipona, nawaambia mapema msije mkashindwa kusoma, alipona na ngozi yake ikarudi. Lakini siku hiyo hakuna aliyejua kama atapona. Mzee Barasa aliuchukua mkebe, akaufungua, akanusa, akaufunga polepole. Mama Njeri akauliza ni nani aliyepima. Mimi nilikuwa nimesimama palepale. Nilifungua mdomo, nikaona uso wa baba ya mtoto, nikaufunga. Mzee Barasa akasema, "Hiyo pipa ni yangu, Mama Njeri. Niulize mimi."

Mama Njeri hakuuliza zaidi. Alikuwa ameogopa sana. Alisema hapatapimwa kitu tena dukani kwake, na wiki hiyo pipa likaviringishwa nje likawa la kukingia maji ya mvua. Mzee Barasa alipewa kazi ya stoo. Mwezi haukuisha, akarudi kwao Bumula. Siku ya kuondoka aliniita, akanipa ule mkebe wa mawe. Aliniambia, "Hizi mawe si za duka, ni za watu. Weka." Nilitaka kumwambia. Nilimtakia safari njema.

Halafu zikaja katoni. Vikopo vya plastiki vyenye vifuniko vya buluu, vimefungwa kwa karatasi ya fedha ndani, na mimi nikawa bingwa wa kuviuza. Niliwaambia watu, hii haijaguswa na mkono wa mtu. Niliisema kwa moyo wote, maana kopo lililofungwa halihitaji pua ya mtu, na kama halihitaji pua basi hakuna wa kuulizwa. Waliokuja na mikebe yao niliwarudisha. Mama Nasimiyu alirudi mara tatu na mkebe wake, mara ya tatu akauacha kwenye kaunta akaenda na kopo. Baadaye vikopo vikawa vidogo, vikawa vidogo zaidi, mpaka vikaja vipaketi vya kupaka mara moja na kutupa. Vyote nilivipanga kwenye rafu kwa mikono yangu mpaka nilipostaafu.

Msidhani nasema zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Mtoto yule aliungua katika siku hizo hizo ninazozililia. Lakini sasa niko shambani Kamukuywa, na kila nikilima mboga jembe linanitolea kifuniko cha buluu. Mahindi yameoza, majani yameoza, mti mzima ulioanguka umeoza, kifuniko kiko vilevile, ukikipangusa unasoma maandishi. Wajukuu wanavifanya magurudumu ya magari yao. Mimi ninavijua vile vifuniko. Ni vyangu.

Kwa hiyo Nafula aliponiambia ana duka Bungoma, watu wanakuja na chupa zao wanajaziwa losheni na shampuu na sabuni ya maji, nilikaa chini nikalia. Nilifurahi na niliona haya, vyote pamoja. Na mwalimu alipovimba uso niliona ni ule mkebe umerudi. Sikulala vizuri siku mbili. Ya tatu nikachukua mkebe wa mafuta mliyonijazia, nikaenda Bumula.

Mzee Barasa yuko hai. Haoni vizuri tena, na amekuwa mfupi, sijui urefu wote ule umeenda wapi. Binti yake alinionyesha kiti nje, mahali anapoanika maharagwe. Nikasema mulembe, salamu ya kwetu, akaijua sauti yangu kabla sijataja jina, akainua mkono wake kidogo, kwapa likaonekana. Nilicheka na machozi yakanitoka hapo hapo, hata kabla sijaanza.

Nilimwambia yote. Mafua, tangawizi, kuogesha, pua iliyoziba, na jinsi nilivyofunga mdomo. Nilimwambia nimekuja kumwomba msamaha kwa kazi yake niliyoipoteza. Alinisikiliza akichambua maharagwe kwa vidole.

"Mukhana," akasema, ndivyo alivyoniita siku zote, msichana, "siku hiyo ulikuwa unapumua na mdomo tangu asubuhi. Nilikuona."

Nikamuuliza kama alikuwa amejua siku zote hizo.

"Nilikuona kabla ufungue pipa. Lakini laini ilikuwa refu, na mama yako alikuwa anakuja. Nikasema, wacha, leo tu." Akaokota haragwe lingine. "Ni mimi nilivunja sheria. Wewe ulikuwa mtoto."

Tulikaa pale wawili, wazee, kila mmoja amebeba lile lile kosa peke yake miaka yote hiyo, yeye Bumula na mimi Kitale. Kama mmoja wetu angefungua mdomo siku ile, Mama Njeri angejua kwamba mikebe haikuwa na kosa, kosa lilikuwa la pua moja iliyoziba na jicho moja lililonyamaza. Huenda pipa lingebaki. Hilo ndilo linaloniuma, na nitazikwa nalo.

Akaniuliza kwenu Bungoma ni nani anayenusa. Nikasema hakuna, wanaosha na maji moto. Alitikisa kichwa mpaka nikadhani ameumwa. Halafu akaomba mkebe wangu. Akaufungua, akanusa kwa muda mrefu, macho amefumba, akasema ni mafuta mazuri, hayana maji. Akachovya kidole kimoja, akautafuta mkono wangu, akanipaka kwa nyuma.

"Ya mkono," akasema.

Basi mambo ni hayo. Msiondoe pampu. Mwendeeni mwalimu nyumbani kwake nyote, mkamwambie kwa midomo yenu kwamba hamkunusa, msimwachie Nafula peke yake. Kisha chagueni wa kunusa, na wa kumwangalia anayenusa kama anapumua kwa mdomo. Kila chombo, kila siku, hata cha mtu mnayemwogopa. Mkiandika kibao na mkikosea herufi, kiacheni.

Jumatatu nitakuja na gari la kwanza. Nitaleta mkebe wa mawe, si kwa sababu mizani yenu inayahitaji, ila mpate kuona kwamba kila moja lilikuwa na mwenyewe. Nitasimama kwa mlango ninuse mpaka mtakapozoea. Nikija na mafua, nipeni waya, nikae nyuma nikate sabuni.